Mama alianika matofali yangu kama mahindi, na miti mitano ilikuwa inaningoja

Wakuu, salamu kutoka Eldoret. Naandika bado nikiwa na udongo kwenye kucha. Siongezi chumvi, hata aibu yangu nimeiacha ndani ya kisa.

Mimi ni fundi wa kujifundisha, naishi mtaa wa Munyaka. Chuo changu ni video za mtandaoni. Nina ugonjwa wa kupima ukuta mara tano, halafu naanza kushuku tape measure yenyewe.

Juzi nikapata kazi yangu ya kwanza! Mama Kiprono, mkulima wa eneo la Ziwa, nje ya mji, alitaka jiko la nje la matofali ya udongo.

Haya hayachomwi. Unachanganya udongo na simiti kidogo, unashindilia kwa mashine ya mkono. Hakuna tanuru, hakuna kuni, na hewa chafu ya carbon inapungua sana.

Shemeji yake, Mzee Kibet, hakutaka kusikia. Alikuwa ameshapaka rangi nyekundu kwenye mikaratusi mitano ya boma, ikatwe kuchomea matofali ya kawaida. Miti hiyo Mama aliipanda mwaka alioolewa.

Wakakubaliana hivi: tofali langu likae ndani ya ndoo ya maji kutwa nzima. Likiyeyuka, power saw inaingia kwenye miti; likibaki zima, miti inabaki.

Nikafyatua matofali, nikayafunika kwa karatasi ya nailoni, nikamwambia Mama ayamwagilie maji kila siku. Nikarudi town.

Baada ya wiki nikakuta yameanikwa juani, mistari imenyooka kuliko yangu. Yote yamepasuka. Karatasi yangu ilikuwa imetandikwa chini yake!

"Mama, nani ameyafunua?"

"Ni mimi. Yalikuwa yanatoa jasho, nikaona yataota ukungu."

Mzee Kibet akacheka mpaka akashika goti. "Kijana, kwani huko kwenu kwa wavuvi samaki wa omena hukaushwa kwa maji?"

Wakuu, nilienda nyuma ya ghala nikalia. Kweli kabisa.

Lakini kosa lilikuwa langu. Mtu aliyepigana na unyevu wa mahindi maisha yake yote, nilimwambia amwagilie bila kumwambia sababu. Niliogopa ataniuliza swali nisilolijua.

Nikarudi nikamweleza: simiti inahitaji maji ili ishike. Ikikauka mapema, inabaki vumbi.

"Kumbe haya ni ya kunyonyeshwa kama ndama!" akasema. "Si ungesema?"

Tukafyatua mengine. Safari hii kuku akikanyaga tu ile nailoni, Mama alikuwa anamfukuza na ufagio.

Siku ya ndoo, Mzee alichagua tofali mwenyewe, akalitumbukiza asubuhi. Jioni akalitoa, akapanda juu yake na gumboots, akaruka. Mara mbili. Tofali kimya. Maji kwenye ndoo, safi!

Akachukua panga, akaelekea kwenye miti.

Akaanza kukwangua ile rangi nyekundu.

Nilichojifunza: usimpe mtu maagizo huku umeficha sababu kwa kuogopa maswali.

Mliowahi kujengea haya matofali, mvua ikikolea mnayalindaje? Niulizeni na mimi chochote. Nisipojua, nitasema sijui.