Mtu Aliyenizuia Kufuta Barua Pepe

Nimwambie, au ninyamaze? Swali hilo lilininyima usingizi siku kadhaa. Na kabla hujaniuliza nilikuwa nimekunywa nini: sinywi, na niliyoyaona Bwera niliyaona mchana. Ningependa yawe uongo. Ningelala.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nikazunguka Kasese bila kazi, ndipo nikapata nafasi katika ofisi ndogo ya parokia huko Bwera, karibu na mpaka wa Uganda na Kongo. Tuliwatafutia wakimbizi wa Beni na Butembo ndugu zao waliopotezana nao njiani. Mapadri wa ng'ambo ya mpaka walituandikia barua pepe, nasi tulizipokea kwenye kompyuta moja kuukuu.

Kila siku ya soko alipita Mama Muhindo, muuza mawese. Alipotezana na mumewe na mtoto wao, Muhindo, walipokimbia risasi. Hakuingia kamwe. Alisimama mlangoni, dumu kichwani, akinitania: "Weye mwana wa masomo, mashini yako ingali inalala? Iamushe, iniambie mwana wangu iko wapi." Nami nilitikisa kichwa, akaenda zake.

Kisha programu ya barua pepe ikaharibika kweli. Ukiifungua, inasema faili la data halisomeki, halafu inajifunga yenyewe. Nilihangaika nayo mpaka mkuu wa ofisi, Mzee Bwambale, akanichoka. Ijumaa, kabla ya kurudi kwake Kasese, alinisimamia kichwani: "Msomi, unafikiria mpaka kompyuta inazeeka. Hiyo kitu futa yote, anza upya. Jumatatu nataka barua inaingia."

Sikia, mimi ni mtu wa kurudi kuangalia kama nimefunga mlango, kisha nikarudi tena. Lakini siku hiyo nilijiambia kwamba barua zote ziko salama kwenye seva. Nikifuta wasifu wa programu, yaani mipangilio ya akaunti yetu pamoja na mafaili yake, zitashuka upya. Hilo moja sikulihakikisha. Mvua ilikuwa inapiga mabati, nami niko peke yangu. Nikachagua wasifu, nikabonyeza kufuta. Kompyuta ikauliza: una uhakika?

"Shefu, samahani."

Mtu alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni. Mwanamume mwembamba, shati la njano lenye alama ya kuungua kwa pasi kwenye mkono wa kushoto. Sikuusikia mlango. Unaijua mvua inayoshuka kutoka milimani kwetu? Shati lake lilikuwa kavu.

Nikamwambia tumefunga, aje Jumatatu. Hakuinuka.

"Miye sijue mashini," alisema polepole. "Nauliza tu. Zile zenye hakuna mutu alisoma, ukifuta, zinaenda wapi?"

"Kuna nakala kwenye seva."

"Uliona?"

Neno moja tu. Nikabonyeza hapana, nikafungua mipangilio. Kumbe aliyeisakinisha programu ile zamani aliiagiza ifute kila barua kwenye seva mara inaposhuka. Hapakuwa na nakala popote ila ndani ya faili lile bovu.

Nikachomeka diski ya nje, nikaanza kunakili folda nzima ya data. Mstari wa kijani haujafika nusu, umeme ukakatika. Taa yetu ikazima, redio ya duka la jirani ikanyamaza. Skrini yangu haikuzimika. Usiniambie betri. Betri yetu ya akiba ilikufa siku nyingi, tulikuwa tunawekea vikombe vya chai juu yake.

"Maliza," alisema yule mtu.

Sikuthubutu kumtazama. Niliutazama mstari. Ulipojaa nikachomoa diski, na papo hapo skrini ikafa. Nikainua macho. Kiti kilikuwa kitupu, na sakafuni hapakuwa na tone la maji.

Kesho yake umeme uliporudi, nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Wasifu wa zamani sikuugusa. Niliunda mpya pembeni yake, nikakarabati nakala, si faili lenyewe, kisha nikaiunganisha na wasifu mpya. Barua zikarudi, nyingine zimekatikakatika. Moja ilikuwa haijafunguliwa. Padri mmoja wa upande wa Beni aliandika kwamba baba yake Muhindo alifia hospitalini, lakini kwanza alimkabidhi mtoto kwa jirani aliyevuka mpaka. Mtoto yuko Hamukungu, kijiji cha ziwani upande wetu, kwa familia ya wavuvi. Chini palikuwa na picha ya marehemu, uso tu.

Uso ule ule.

Hatukujua Mama Muhindo analala wapi, ikabidi tungoje soko la Jumanne. Jumatatu nilimweleza Mzee Bwambale yote, hata habari ya yule mtu. Alifunga mlango kwanza. "Msomi, soma barua, funga mdomo. Hiyo ingine, huyo mama ataita wewe mchawi."

Je, mzee hakuwa sahihi? Mjane akishapewa habari ya kifo, anahitaji kusikia pia kwamba mumewe alipita ofisini? Na kama ni kichwa changu tu? Na nikinyamaza, yule mtu hatarudi kuniuliza?

Jumanne mzee alimwita ndani. Mama Muhindo aliketi kwenye kiti kile kile, nami sikuweza kumwambia asikikalie. Akasomewa. Hakulia. Aliuliza njia ya Hamukungu, akajitwika dumu, akatoka. Nikamfuata, mzee akiniita nyuma, nikamwambia yote.

Aligeuka, dumu kichwani. "Alivaa nini?"

"Shati la njano. Mkono wa kushoto umeungua pasi."

Akatua dumu chini. "Ni miye niliunguza," alisema, na hapo machozi yakatoka pamoja na kicheko. "Alinigombeza sana! Na akakatala kuitupa." Akajifuta kwa kitenge. "Sasa twende. Utanionyesha njia."

Tulikwenda siku ile ile, na jioni Muhindo alilala mapajani mwa mama yake.

Wasifu wa zamani sijaufuta hadi leo. Popote ninapofanya kazi, nikiambiwa nifute yote nianze upya, kwanza nanakili, na kabla ya kubonyeza nakitupia jicho kiti cha wageni. Nawe fanya hivyo. Hakikisha unajua ziko wapi zile ambazo hazijasomwa, maana huenda kwako asije mtu wa kukuuliza.