Siku Niliyojitanda Nguo ya Bibi Mbele ya Kanisa

Sikatai, ni mimi. Yule kijana aliyesimama mbele ya kanisa letu pale Magomeni ya huku kusini, Jumapili jua likiwa kali, amejitanda nguo nyeupe kutoka begani mpaka miguuni, wamama wakageuza nyuso na wanaume wakaanza kutazama viatu vyao, ni mimi Damasi, na afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa wale wanaoongeza chumvi, maana wapo wanaosema nilicheza ngoma, sikucheza ngoma mimi.

Ilikuwa miaka ile ya vita ng'ambo ya Ruvuma, wakimbizi wanavuka kila wiki, na kanisa likachagua familia moja iende ikajitolee mwezi mzima kwenye kijiji kimoja kule karibu na mto unapoingilia baharini. Tukachaguliwa sisi. Baba ni katekista na fundi seremala, angejenga vitanda vya wagonjwa, Mama angefundisha akina mama kushona, mimi nipige randa (na kubeba, maana mtu mrefu kila mahali anageuzwa punda), na Bibi, mama yake Mama, angekuwa wa kuongea na wakimbizi, kwa sababu yeye mwenyewe alizaliwa ng'ambo, mpaka leo ana tundu la ndonya, kile kipambo cha mti, kwenye mdomo wa juu ingawa ndonya yenyewe aliitoa alipobatizwa. Lakini Bibi alikuwa na lake. Mdogo wake alibaki kule, na mtu mmoja alikuja na habari kwamba amemwona katika waliovuka. Kwa hiyo sisi wengine tulikuwa tunakwenda kujitolea, Bibi alikuwa anakwenda kumtafuta mdogo wake, na hilo kila mtu nyumbani alilijua.

Basi akina mama wa kanisa wakachanga wakanunua jora la bafta nyeupe, yadi arobaini, za bandeji na mashuka, wakamkabidhi Baba mbele ya watu, na Baba akasema litalala chumbani kwake mpaka siku ya safari. Alhamisi akaja Mama Agatha, mwenyekiti wa wale akina mama, kutusalimia. Akaketi, akanywa chai, akaliinua jora, akalipimapima mikononi kama anapima kuku wa kununua, akasema, "Mbona naliona limekonda?" Akacheka. Mimi sikucheka. Mtu akimgusa Baba yangu damu inanipanda kichwani, ndivyo nilivyo, hata shuleni niliacha darasa la nne kwa sababu ya mwalimu aliyemsema Baba (mengine yote nimejisomea mwenyewe kwenye magazeti wanayofungia sukari, na nasoma vizuri kuliko wengi).

Mama Agatha alipoondoka, nikajiambia nitalipima. Hapo ndipo nilipoharibu. Ningemwambia Baba, mkasa ungeishia hapo, lakini nikaona huyu mzee atahuzunika bure, wacha nilimalize kimyakimya. Futi yake ilikuwa imeshafungwa kwenye sanduku la zana na sanduku limepigiliwa misumari, basi nikapima kwa mkono, kiwiko mpaka ncha ya kidole, kama wanavyopima watu wote, mikono miwili ni yadi moja. Nilitegemea themanini. Nikapata sabini na mbili. Nikarudia, nikapata sabini na mbili na kidogo.

Mikono minane haipo! Nikaketi juu ya kitanda cha Baba, nikahisi kama nyumba nzima imenigeukia. Nani? Kwanza nikamshuku Mama Agatha mwenyewe, kwamba kaiba kisha kaja kutuwekea mtego. Halafu dada yangu Tereza, alikuwa na gagulo jipya jeupe, nikamwambia aniletee nilione, akanirushia kandambili. Ijumaa nikamshuku mpaka Mama, kwa sababu tu aliniuliza mbona siku hizi sili. Nikawa kila mtu akiingia chumbani namhesabia dakika, akitoka namwangalia kiunoni kama pametuna. Tereza akawaambia watu kwamba safari imenitia wazimu kabla sijaianza.

Jumamosi mchana nikamwona Bibi. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi kidogo, naye kapiga magoti mbele ya kale kasanduku kake ka mbao, anapanga nguo za safari, na chini kabisa, chini ya kanga, anasukumia kitu cheupe. Kipya, bado kina mikunjo ya dukani. Akafunga kitasa, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kilemba chake. Nikaingia nikamwuliza, Bibi, hicho nini? Akasema bila hata kugeuka, "Mambo ya watu wazima hayo, mume wangu. Nenda kachote maji." (Ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, mume wangu, na mimi namwita mchumba.)

Sikulala vizuri nawaambia. Huku Baba yangu, huku mchumba wangu. Nikaona labda anampelekea mdogo wake, na kumpelekea mdogo wako nguo si dhambi, lakini si nguo ya wagonjwa! Nikaamua ninyamaze, Bibi ni Bibi, na kama Mama Agatha hatapima hakuna atakayejua.

Mama Agatha akapima.

Jumapili baada ya ibada mizigo yetu yote ilipangwa nje mbele ya mlango wa kanisa ibarikiwe, sanduku la zana, masufuria, kasanduku ka Bibi, jora juu ya meza. Mama Agatha akatoa fimbo ya yadi ya kikundi chao cha ushonaji, akasema kwa upole kabisa kwamba wangependa kulipima mbele ya wachangaji ili roho za watu zitulie. Baba akasema sawa. Nikamwangalia Baba amesimama pale na kola yake aliyoipiga pasi mwenyewe, hajui lolote, na nikaona baada ya dakika tano ataitwa mwizi mbele ya watu aliowafundisha sala. Nikashindwa. Nikapaza sauti nikasema msipime, limepungua, lakini Baba hahusiki na nguo ninajua ilipo, na kabla mtu hajanishika nikaruka kwenye kasanduku ka Bibi, nikang'oa kitasa kwa mkono (mbao zile za zamani, misumari imeshaliwa na kutu), nikatupa kanga huku na huku nikaitoa ile nguo. Na ili kila mtu aone, nikaipima palepale, moja, mbili, tatu, mpaka nane. Minane kamili! Nikajitanda nikazunguka, nikawauliza mnaona, si hii hapa?

Hapo ndipo kikadondoka kifurushi cha pamba. Halafu kichupa cha marashi. Halafu msalaba mdogo wa mpingo, ukaangukia juu ya mguu wangu.

Sikuelewa mara moja. Wenzangu walielewa. Wamama waligeuka. Baba aligeuka nyuma kabisa akaangalia ukuta, maana Bibi ni mkwe wake, hata chakula hawali wakiangaliana, na mimi nimemwaga vitu vyake vya ndani mbele ya macho yake. Bibi akaja polepole akitembelea fimbo, akasimama mbele yangu.

"Vua, Damasi," akasema. Si mume wangu. Damasi. "Hiyo ni yangu ya kuzikiwa."

Nikavua. Akasema, sasa kwa watu wote, kwamba kule tunakokwenda ndege zinapita na mabomu yanaanguka, naye ni mzee, na hakutaka akifa watu wakate nguo ya wagonjwa kwa ajili yake, ndiyo maana aliuza korosho za shamba lake la Mpapura akanunua yake.

Mama Agatha, sijui ndiyo huruma au ndiyo kunimaliza, akaendelea kulipima jora. Yadi arobaini. Hata inchi haikupungua. Padri akaniuliza basi wewe ulipimaje mwanangu, nikanyoosha mkono kuonyesha, na Mama Agatha akaulaza wake juu ya wangu, kiwiko kwa kiwiko, vidole vyake vikaishia kwenye vifundo vya vidole vyangu. Akasema, "Huyu akiuza vitambaa, mwenye duka atafunga mwezi huohuo." Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na mvulana mmoja wa Ufukoni akaniita Marehemu, na jina hilo ninalo mpaka leo.

Lakini Bibi hakucheka. Alikunja kanga zake, akasema nguo iliyokwisha kupata jasho la mtu mzima yeye hazikwi nayo, na bila nguo yake hapandi gari. Lori lilikuwa la Jumanne asubuhi. Nyumbani hakuna aliyesema naye tena, Mama alijaribu mara moja akarudi analia. Baba aliniita uani. Nilitegemea kofi. Akaniuliza tu, "Nani alikutuma unitetee? Nilikuwa nimeshtakiwa na nani?"

Jumatatu alfajiri nikatembea kwa miguu mpaka Mikindani, kwa Bwana Jafari, yule Mhindi ambaye Bibi alinunua kwake, nikamwambia sina kitu lakini nina mgongo. Nikashusha magunia ya mchele mpaka saa nane, akanipimia yadi nne na nusu (nikamwangalia kidole gumba asije akakisogeza kunipunja, akaniona, akapima tena polepole kama anamfundisha mtoto). Nikarudi nayo nyumbani imefungwa kwa gazeti, sikuigusa, nilishika kamba tu.

Bibi alikuwa anachambua mchele. Nikapiga magoti nikaiweka mbele yake, nikasema nimekosa. Akafungua pembe ya gazeti, akainusa nguo, akaniangalia.

"Hii hujaijaribu?"

Nikasema hapana Bibi. Akaendelea kuchambua mchele. Baada ya hapo akasema nitengeneze kitasa, na nikajua atasafiri.

Jumanne akapanda lori, na kasanduku kake akaniwekea magotini, nikakabeba hivyo njia nzima, kila shimo la barabara nakainua nisikatikise. Mdogo wake tulimkuta wiki ya pili, amekonda, lakini hai, na walikamatana wale mabibi wawili wakakaa chini kwenye mchanga kama watoto. Wakalia weee. Halafu nikaona Bibi ananyoosha kidole kwangu na kuongea Kimakonde haraka haraka, na yule bibi ambaye sikuwahi kumwona maishani akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema mtu mrefu kama huyu nguo nyeupe ingempendeza sana. Bibi akacheka mpaka akajifuta macho, akaniita, "Mume wangu, njoo umsalimie shemeji yako."

Tangu hapo kitu cha mtu sikifungui. Juzi Mama ameniambia nimtolee miwani kwenye mkoba wake, nikamletea mkoba mzima, nimeushika kwa vidole viwili.