Tulipoambiwa Tunaosha Nuru

Kabla mpwa wa tajiri hajaja, kazi yetu ilikuwa kuosha sandarusi. Alipokuja, tukaambiwa tunaosha nuru.

Sandarusi ni utomvu wa miti ya kale ulioganda ardhini. Wazaramo waliuchimba, wakauleta Bagamoyo ukiwa umevaa ganda la udongo mwekundu. Sisi wanawake wa ghalani tuliulowesha katika mapipa ya maji ya magadi, tukausugua kwa brashi ngumu mpaka ganda likatoka, vikabaki vipande vya manjano vyenye vipele vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Magadi yalilitoa ganda la sandarusi, kisha yakatoa na la mikono yetu. Mume wangu alikuwa ameniacha, na kwetu Kaole mwanamke hakuwa na kazi zaidi ya kusuka makuti, basi kila alfajiri nilikuja mjini kwa miguu kusugua.

Tajiri wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Aliokota kipande, akakitazama juani, akasema "Haya" au "Rudieni," akaenda zake. Tulimwelewa.

Magoti yalipomwishia nguvu akamleta mpwa wake kutoka Unguja awe msimamizi. Alikuwa mtu nadhifu, kanzu inanukia udi, na huko Unguja alikuwa amekaa barazani kwa wakubwa akasikiliza wanavyosema na watu wao. Siku ya kwanza akatukusanya uani, akapanda juu ya gunia.

"Mama zangu na dada zangu," akasema, "ghala lisilo na dira ni jahazi lisilo na nahodha. Mimi nimewaletea dira."

Tukamtazama mikononi. Hakuwa na kitu.

Shoga yangu wa Zinga, mjane ambaye hakujaliwa kunong'ona, akauliza, "Iko wapi, bwana mdogo?"

"Dira haionekani, mama. Iko moyoni."

"Na yale maji matamu ya kusuuzia mikono tuliyoyaomba? Nayo yako moyoni?"

Tukacheka. Na yeye akacheka, akasema maswali kama hayo ndiyo ayapendayo, lakini lile hakulijibu. Akaendelea kutueleza kwamba sandarusi yetu inakwenda Ulaya kupakwa viti vya enzi, wafalme wakivikalia ving'ae. "Hamsugui mawe ninyi!" akasema, na machozi yakamlengalenga. "Mnaosha nuru ya wafalme!" Kusema kweli mwili ulinisisimka kidogo. Kisha nikatia mkono ndani ya pipa, msisimko ukawa wa namna nyingine.

Tangu siku ile hatukugusa brashi kabla ya kuitikia. Yeye juu ya gunia anauliza, "Tunaosha nini?" Sisi: "Nuru!" "Kwa ajili ya nani?" "Wafalme!" Shoga yangu aliitikia kwa sauti kuliko wote, ila yeye alisema "Mikono!" na "Yetu!", na kwa kuwa tulikuwa wengi, bwana mdogo alisikia kelele tu akafurahi. Akamwomba mwalimu wa chuo cha Kurani aandike maneno yale ubaoni kwa wino mwekundu, akautundika ubao juu ya mlango wa ghala. Mlango wenyewe ulikuwa mfupi. Wachukuzi wa magunia waliugonga ubao kwa vichwa mpaka wakachoka, mmoja akauteremsha akafunikia pipa, kuku wasije wakanywa magadi. Huko ulifanya kazi nzuri.

Hotuba zilichelewesha kazi. Bwana mdogo alipoona kazi inachelewa, akajua mioyo yetu imepoa, akazidisha hotuba.

Ndipo akaja mnunuzi, Mzungu mnene aliyejaa jasho, pamoja na mkalimani wake. Alitaka kuona mzigo unavyooshwa. Tajiri siku hiyo alikuwa kitandani, na bwana mdogo akaona saa yake imefika. Akatupanga safu mbili kama maharusi, akapanda juu ya gunia.

"Tunaosha nini?"

"Nuru!"

"Kwa ajili ya nani?"

"Wafalme!"

Mzungu akamwuliza mkalimani tumesema nini. Mkalimani akamweleza. Basi yule mtu alicheka hata akashika ukuta. Alipopata pumzi akasema maneno mengi, na mkalimani akatugeuzia kwa Kiswahili:

"Anasema hajapata kumwuzia mfalme hata mmoja. Hii huyeyushwa, ikachanganywa na mafuta, ikapakwa mbao zing'ae. Milango, meza, magari ya farasi. Na masanduku ya kuzikia."

"Masanduku ya nini?" shoga yangu akauliza.

"Ya kuzikia. Kwao maiti hutiwa katika sanduku la mbao, na sanduku hupakwa hii."

"Ling'ae chini ya udongo? Limng'arie nani?"

Mkalimani akauliza. Safari hii Mzungu hakucheka. Akajifuta jasho, akajibu taratibu.

"Anasema si kwa ajili ya maiti. Ni kwa ajili ya wafiwa. Ndicho kitu cha mwisho wanachokitazama. Anasema la mama yake aliliona hivyo."

Bwana mdogo alikuwa bado juu ya gunia. Hakuwahi kuuliza sandarusi inafanyiwa nini. Viti vya enzi alivitoa kichwani mwake.

Tukarudi kazini. Shoga yangu alikuwa amezika watoto wawili, na sanda ya wa pili aliikopa. Nilimwona anakichukua tena kipande alichokwisha kukiweka kando, anakigeuzageuza, anakisugua pembeni palipobaki wekundu.

"Hicho kilikuwa tayari," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Lakini mtu asije akalia juu ya uchafu wangu."

Na mimi nikachukua tena changu. Jioni ile mzigo ulitoka safi kuliko siku zote za wafalme.

Bwana mdogo hakuwa mjinga, aliona. Kesho yake akapanda juu ya gunia, akatuambia kwa utulivu kwamba hayo ndiyo aliyokuwa akitufundisha tangu mwanzo, sema hatukuwa tayari kuyapokea. Kisha akauliza, "Tunaosha nini?" Tukatazamana. "Semeni: majeneza!"

Tukasema. Tukasema kwa nguvu, maana kucheka tuliogopa. Na saa hiyohiyo tajiri, aliyepata nafuu, alikuwa anaingia uani kwa mkongojo. Akasikia wanawake wa ghala zima wanaitikia "Majeneza!" mbele ya mpwa wake, akashika mwimo wa mlango.

"Amekufa nani?" akauliza. "Mimi?"

Ilitubidi tumletee kigoda na maji. Alipoelezwa, hakugomba. Alimwambia mpwa wake ashuke kwenye gunia, kwa kuwa lina mali ndani. Kisha akatugeukia akauliza tunataka nini, na shoga yangu akasema maji matamu na mafuta ya nazi ya kupaka mikono. Mafuta yalikuja siku hiyohiyo. Maji, akasema, tutaona.

Bwana mdogo hakufukuzwa. Watu wa namna ile hawafukuzwi. Wenye ghala la karafuu huko Unguja, kubwa kuliko letu, walisikia kwamba yupo msimamizi Bagamoyo ambaye wafanyakazi wake huitikia kwa sauti moja, wakamtaka. Siku ya kuondoka tulimpikia mkate wa kumimina, tukamsindikiza ufukweni, na huko akashikwa na simanzi ya kweli. Sikumchukia. Alitupenda, ila kwa jumla, si mmoja mmoja.

Alisimama mchangani akaanza: "Mama zangu, kazi ni safari, na safari..." Lakini maji yalikuwa yanakupwa na wachukuzi wana haraka. Wawili wakamwinua mabegani, kama wanavyobebwa abiria wote wasilowane, wakaingia naye baharini. Hakunyamaza. Alijigeuza huko juu akatuelekea, mkono hewani, akiendelea na hotuba, wakazidi kwenda naye mpaka wakamtua mashuani juu ya mbuzi wa mtu.