Losheni ya Wifi Imeachana Tena

Wifi yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, tunamwita Kiguu na Njia. Hatulii. Chai anainywa kasimama mlangoni. Kashona nguo, kauza viatu, kasuka watu nywele, vyote kaviacha njiani. Sasa yuko kwenye losheni, na jiko analopikia ni langu.

Siku ile alikuwa roho juu. Mwenye saluni alisharudisha makopo ya mwanzo, mafuta juu, maji chini. Akamwambia, "Mchana nakuja. Ikiachana tena, natafuta mtu mwingine." Na wifi hana mteja mwingine.

Basi akayeyusha mafuta pamoja na nta yake nyeupe ya punje punje. Maji akayachemsha kwenye sufuria ya pili.

"Nta ya nini? Unapika mishumaa?"

"Wifi nawe! Mafuta na maji hayapatani. Hii nta upande mmoja inashika maji, upande wa pili inashika mafuta. Kila kitone cha mafuta inakizunguka, kisipate kukimbilia juu."

"Ungeinywa wewe, labda ungetulia."

Akacheka. Akamimina maji kwenye mafuta, moto kwa moto, akakoroga. Haki ya Mungu, kitu kikageuka cheupe, laini, kizito. Hata mimi nilijipaka mkononi.

"Sasa kaa chini, kipoe."

Akakaa. Akainuka. Akachungulia dirishani. Akafunua sufuria, akafunika, akafunua.

"Imekuwa nzito mno, wifi."

"Iache."

"Na makopo hayatajaa."

"We mwanamke, iache!"

Nikatoka kuanua nguo. Kurudi, namkuta na jagi mkononi. Kamwaga maji ya baridi humo, anakoroga mbio kama anafukuzwa. Nta ilipimiwa maji ya kwanza, haya mengine nani ayashike?

Mwenye saluni huyo, kafika. Akafungua kopo, akaliinamisha. Maji yakachuruzika pembeni, mabonge yakabaki katikati.

"Dada, mimi nina saluni. Supu wapelekee wenye hoteli."

Akaenda zake, kopo kaliacha mezani.

Wifi akanigeukia, machozi yanamlenga. "Nilitia kidogo tu, wifi. Kidogo tu!"

Alikuwa anangoja nimwambie pole. Nikampa dodoki, asugue sufuria zangu.