Nilivyosaga Watoto wa Mathenge

Mathenge ni mti ya roho mbaya. Kiangazi ikifika hapa Bura, hata nyoka wanaomba maji, yeye amesimama kijani kama bwana harusi. Mwiba yake moja ilipita tairi ya lori, ikapita kiti, dereva akashuka anaongea Kiarabu na hajawahi kujifunza. Hiyo yote nilisamehe. Lakini ilikula meno ya mbuzi yangu.

Maganda yake ni matamu kama sukari guru, na mbuzi akikosa nyasi anayatafuna mchana kutwa. Utamu unashika kwa meno, meno yanaoza. Mbuzi yangu ya maziwa, mama ya wengine wote, alibaki na fizi tupu. Alikufa akiangalia chakula. Nikaapa hapo kwa mzoga: nitasaga watoto wa huu mti mpaka uombe msamaha.

Seedi yangu, kaka ya mke wangu, na mimi pia ananiita seedi, alisikia. Kwetu seedi hajibiwi vibaya. Akikukanyaga unamuuliza kama mguu yake imeumia. Kwa hivyo alinicheka vile alitaka. Sokoni, mbele ya wazee wa ngamia, akasema dada yake ameolewa na mtu anapigana na kichaka, na kichaka inashinda. Nikameza.

Nikaokota maganda gunia mzima, nikapeleka kwa posho mill, kwa mashine ya kusaga mahindi. Kumbe hayajakauka. Ule utamu uligeuka gundi, mashine ikakwama, mwenyewe akanifukuza na spana mpaka karibu Somalia. Basi nikayaanika juu ya mabati. Jua ya hapa inakaanga yai ikiwa bado ndani ya kuku. Siku tatu, maganda yanavunjika kama biskuti. Tukatwanga mimi na mke wangu, na mbegu zake zote. Kila mchi ikishuka nasema, hii ni ya jino ya mbele. Hii ya gego.

Unga haishiki kwa meno, na mbegu ikishasagwa haioti tena. Mbuzi wangu waliobaki walikula adui yao kwa karai, wakanona mpaka wakawa wanapita mlangoni kwa zamu. Watu wakaanza kuja na magunia kununua huo unga. Leo nina mashine yangu mwenyewe.

Halafu mbuzi za seedi zikaanza kuanguka kwa njaa. Akaja, akajipanga nyuma ya wanawake, shuka imefunika uso. Walahi, hiyo siku niliingoja kama mwezi wa Idi. Kumnyima siwezi, ni seedi. Kumtukana siwezi. Nikamwita mbele, sauti ikafika Dadaab: “Karibu, seedi. Wewe hapa hulipi. Chukua gunia mbili, ni sadaka.”

Foleni yote ikageuka kumwangalia. Sadaka ni ya maskini.

Akasema polepole, “Mimi si maskini, seedi.”

“Najua, seedi. Lakini mbuzi zako hazijui.”

Akabeba gunia moja, mimi nikabeba ya pili, kwa heshima. Tukapita soko yote hivyo, na kila duka nilisimama kumwombea dua kwa sauti.