Upande wa Kulia wa Njia ya Misafara

Kabla sijawa mlinzi wa msitu nilikuwa mwuaji, na nilikuwa mwuaji hodari. Serikali ya Mwingereza ilitaka kummaliza mbung'o, yule nzi anayeleta malale, na wakubwa waliona kwamba kwa kuwa mbung'o hunywa damu ya wanyama, basi wanyama wauawe. Nikapewa bunduki. Niliua ngiri, pongo, tandala na palahala, majike wenye mimba na ndama waliokuwa bado wananyonya. Tulikata mikia tukaipeleka Tabora kuwa ushahidi, nyama tukala mpaka tukaichukia, iliyobaki ikaoza porini. Mbung'o waliendelea kutuuma huku tukichuna.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha akaja Mzungu wa namna nyingine, mtafiti, mtu mpole mwenye miguu mirefu na daftari lisilomtoka mkononi. Huyu alitaka kujua kama pori tulilolijeruhi lingepona, na kama wanyama wangerudi. Alikata vipande vitatu vya msitu kando ya njia ya zamani ya misafara, mbele kidogo ya Ntalikwa. Cha kwanza kilichomwa mapema, mara mvua zikiisha. Cha pili kilichomwa mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa kavu kabisa. Cha tatu kisiguswe na moto hata mara moja, miaka mitano mfululizo. Njia ilipita katikati: kushoto ukitoka Tabora kipande cha pili, kulia kile cha tatu.

Alinichagua mimi nilinde cha tatu. Alisema, "Wewe unawajua wanyama. Sasa wangojee." Nililipenda neno lile kuliko nilivyowahi kupenda sifa ya bunduki. Mwaka wa pili niliona kwato za tandala kwenye tope, jike na mtoto, nikachuchumaa pale nikalia kama mjinga. Niliowaua hawakuwa wamefufuka, nilijua hivyo. Lakini kipande kile kilikuwa deni langu, na niliapa hakitaungua.

Basi nikawa mkali kupita kiasi. Mchungaji mmoja nilimkuta ndani ya kipande anavuta kiko. Nilimpiga kwa mpini wa shoka mpaka akatema jino. Mwanamke aliyekuja kuokota kuni nilimvunjia chungu chake cha maji. Mtafiti alisikia, akaniambia nisirudie, nikamwitikia ndiyo bwana, nikarudia. Watu wakaanza kuzunguka mbali wakiona kofia yangu.

Baba mkwe wangu alikuwa mrina asali, na mizinga yake ilining'inia kwenye miti ya mitundu ya kipande kile tangu kabla sijazaliwa. Wazee wake walikuwa wakichoma nyasi kuzunguka mizinga mara tu baada ya mvua, zikiwa bado na umajimaji, moto mdogo wa kutambaa. Sasa nilimkataza. Hakuja kubishana nami, kwa kuwa kwetu mkwe habishani na mkwe. Alimtuma mshenga aliyetuozesha.

"Mzee anasema hivi," mshenga alinambia. "Nyasi za mwaka mmoja mtu huzichoma. Nyasi za miaka mitatu humchoma mtu."

"Mwambie atazame mizinga yake, msitu aniachie mimi."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Mshenga alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua atakavyolipamba neno lile kabla ya kulifikisha. Mimi nilijiona nimeshinda.

Sasa nieleze ukwe wetu, maana bila huo hakuna kitakachoeleweka. Mwanamume hamtazami mama wa mkewe usoni. Hamgusi, hali naye, hasimami naye njia moja. Wakikutana, kila mmoja hujitenga kando, huinamisha kichwa na kumpa mgongo mwenzake, mpaka mmoja apite. Nilikuwa na miaka sita ya ndoa, na mama mkwe wangu nilimjua kwa miguu na kwa sauti iliyotoka nyuma ya ukuta. Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniletea ugali nikiwa mgonjwa: "Mwambieni baba ale." Uso wake sikuujua.

Kiangazi cha mwaka wa tatu, adhuhuri moja yenye upepo mkali, nilikuwa nimesimama njiani nikamwona anakuja. Nilimtambua kwa mwendo. Mkononi alikuwa na kigae cha chungu. Viberiti vilikuwa adimu madukani siku zile, na mwanamke ambaye moto wake umezimika alikwenda kuomba makaa kwa jirani. Nilikiona kigae. Niliona moshi mwembamba juu yake. Mtu mwingine yeyote ningempigia kelele toka mbali, ningemnyang'anya kile kigae na kumwongeza kofi.

Huyu alikuwa mkwe wangu. Nikatoka njiani, nikaingia kushoto kwa sababu ndiko nilikokuwa karibu, kwenye kipande kilichokwisha kuungua wiki iliyopita. Nikageuza mgongo, nikangoja apite.

Naye pia aliniona, akafanya kama alivyofunzwa. Kushoto nilishakutwaa mimi. Akaingia kulia, kwenye nyasi zilizompita urefu, akachutama, akaweka kigae chini, akanipa mgongo. Akangoja nipite.

Tukangojana. Njia katikati yetu ilikuwa pana na tupu, imekanyagwa na wapagazi wa tangu zamani mpaka haioti jani. Hapo kati moto usingeweza kufika, na kila mmoja wetu alimwachia mwenzake.

Sikugeuka mpaka niliposikia mlio, kama mtu anavunja mabua. Nilipogeuka nyasi zilikuwa ukuta wa moto. Nilipiga kelele nikitaka kumwita, nikakosa la kumwita, maana jina lake nalo sikuruhusiwa kulitamka. Ngiri watatu walitoka mbio, mmoja mgongo unawaka, akaangukia njiani, akaendelea kupiga miguu. Mizinga ililipuka juu ya miti. Nyuki walianguka kama mvua ya makaa, asali inayochemka ikadondoka kwenye majani. Juu ya yote nilimsikia yeye.

Niliingia. Nywele na nyusi ziliungua mara moja. Nilimkamata nilipomkuta, mkono, na ngozi ya mkono ikanibaki kiganjani. Nikamkamata kiunoni, mimi niliyekatazwa hata kukanyaga kivuli chake, nikamburuta mpaka njiani. Bado alikuwa hai. Alichofanya, na naapa hivi ndivyo ilivyokuwa, ni kuutafuta ukingo wa kaniki yake iliyoungua ajifunike uso. Hakukuwa na kaniki. Akainua viganja, navyo havikufika.

Nikamtazama. Sikuweza kujizuia. Miaka sita sikuujua uso ule, na siku niliyoutazama haukuwapo tena.

Alikufa kabla jua halijachwa. Kipande chote kiliungua. Mtafiti alikuja kesho yake, akatembea kwenye majivu, kisha akafungua daftari akaniuliza moto ulianzaje. Nikamwambia yote, bila kuficha.

"Kwa nini hukumwambia auzime?" aliniuliza.

"Bwana, mtu hamsemeshi mkwe wake."

Aliinamisha kichwa akaandika. Sijui aliandika nini. Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga walisema, lakini mimi nilibaki mzima na nyusi zikaota tena.

Baada ya matanga mke wangu aliniita nyuma ya nyumba. Nilingoja anitukane, hata anipige, na ningeshukuru. Aliniuliza jambo moja tu.

"Ulipomtoa, ulimtazama?"

"Sikumtazama," nikamwambia.

Akapangusa macho kwa upande wa kanga.

"Ahsante," alisema. "Angeona aibu."