Wagonga Bomba wa Mlango B

Zaprian alikuwa na sahani za santuri kabati zima, na zote zilikuwa za muziki mmoja. Ni ule wa piano na okestra unaoanza na piano peke yake, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, kisha fidla zinamdaka. Sahani ya kwanza aliinunua marehemu mkewe. Nyingine alinunua mwenyewe, kila moja na mpiga piano wake, na mtu akimuuliza kwa nini hasikilizi kitu kingine, alishangaa kama aliyeulizwa kwa nini hali supu kwa uma.

Kila Jumapili baada ya chakula alichagua moja, akaipangusa kwa kitambaa cha miwani, akaketi karibu na bomba. Si kwa ajili ya joto. Bomba hilo la chuma la maji ya moto ya kupasha nyumba joto lilipanda kutoka fleti ya chini hadi ya juu, likipita sebuleni kwa kila mtu, na ndilo lililomletea hukumu.

Mambo yalianza siku Bi Genoveva, anayekaa chini yake, alipogonga bomba kwa upawa. Zaprian akapunguza sauti. Upawa ukaendelea. Akapunguza mpaka yeye mwenyewe hasikii, upawa wala haujali. Kwa hasira akaweka sahani ya mama mmoja mzee anayepiga taratibu kama anayekanda unga, akafungulia sauti yote. Bomba likanyamaza. Ndipo akaelewa kwamba jirani hakuchukia kelele. Alimchukia yule mpiga piano.

Haukupita muda, Metodi, daktari wa meno wa fleti ya juu, naye akaingia na spana. Yeye alitaka mbio. Piano ikitulia kidogo, spana inalia kutoka juu. Ikikimbia, upawa unajibu kutoka chini. Na Zaprian yuko katikati, anajaribu kusikia muziki. Chini kabisa aliishi Krastyo, kiziwi tangu utotoni, ambaye aliweka kiganja kwenye bomba na kupenda kila sahani yenye ngoma za kutosha.

Wakikutana kwenye ngazi hawakuyataja hayo. Waliongea kabichi za kuhifadhi kwa majira ya baridi: nani ameshatia chumvi pipa lake, la nani limeharibika. Moyoni Zaprian aliwaita maadui zake. Lakini Jumapili ikipita bila kugongewa, chakula cha jioni hakikushuka.

Msimu wa kabichi, Violeta, msimamizi wa jengo, aliwaita wakazi wote wa Mlango B pale mlangoni, penye masanduku ya barua. Alisema mabomba yameoza, na zulia la Bi Genoveva limeharibiwa na maji ya kutu. Fundi alikuja na kipande cha bomba la plastiki, akakisifia kama anayeozesha binti. Halivuji, halishiki kutu.

"Na halipitishi sauti," akamalizia. "Jirani agonge mchana kutwa, hamtasikia kitu."

Zaprian angesema nini? Kwamba anataka kuendelea kugongewa? Akakohoa, akasema joto la kweli ni la chuma, la plastiki ni la kudanganya. Hata yeye alijiona mjinga.

"Kweli kabisa," akadakia Metodi. "Tena plastiki inaharibu meno."

"Bomba, daktari?" Violeta akauliza.

"Mvuke wake."

Violeta akamgeukia Bi Genoveva. "Mama, hebu waambie mabwana hawa. Si zulia lako ndilo lililokwisha?"

Bi Genoveva akajifunga skafu upya, bila haraka. "Lile zulia lilikuwa baya toka siku ya kwanza. Aliniletea mkwe wangu."

Krastyo alikuwa amesoma midomo ya fundi. Akainua mkono kukataa kabla hajaulizwa.

"Basi mtaganda," alisema Violeta. "Mtaganda na chuma chenu."

Wakaganda kweli. Januari bomba lilipasuka, na maji ya upande wao yakakatwa. Jumapili Zaprian aliketi na koti zito na glavu, akijiuliza atashikaje sahani bila kuikwaruza, ndipo akasikia piano.

Ilitoka juu. Metodi alikuwa amenunua sahani yake mwenyewe, na bomba lisilo na maji lilileta kila noti safi, bila ile miguno ya maji. Ulikuwa muziki ule ule. Lakini mtu huyu alizishuka ngazi mbio kama aliyeacha maziwa jikoni, na fidla zilimfuata zikihema.

Zaprian hakuwahi kugonga maishani mwake. Alitazama huku na huku, kana kwamba kuna mtu. Akaenda jikoni, akachukua kijiko, akakirudisha, akachukua kikubwa zaidi. Akavua glavu, akagonga.

Toka chini upawa ukaitikia papo hapo, ukimuunga mkono kwa mara ya kwanza.

Huko juu, Metodi akaongeza sauti.